Mizani Si Hakimu: Msuli, Sukari na Kazi ya Mwili



Hoja yangu ni moja, nami naitoa mapema. Kwa miaka mingi tumewahimiza watu wafanye mazoezi ili wapungue. Kati ya sababu zote za kuushughulisha mwili, hiyo ni dhaifu kuliko zote, na imewavunja moyo wengi. Mama anagunduliwa kuwa na kisukari, anaambiwa atembee apungue. Anatembea kila alfajiri kwa miezi miwili. Anapanda mizani, anakuta kilo ni zilezile. Anaacha, na hakuna anayemlaumu, kwa sababu kipimo alichopewa kinamwambia ameshindwa. Kumbe ndani ya mapaja yake, katika miezi hiyo miwili, yalikuwa yametokea mabadiliko ambayo mizani ya kliniki haiwezi kuyaona. Mhadhara huu unahusu mabadiliko hayo.

Misuli ninayoizungumzia ni ile iliyoshikamana na mifupa, inayotii amri zetu: ya mapaja, makalio, mgongo, mabega, mashavu ya miguu. Moyo nao ni msuli, na utumbo una misuli yake, lakini hiyo hufanya kazi bila kutuuliza. Kwa mwanamume wa kawaida misuli ya mifupa hukaribia asilimia 40 ya uzito wa mwili. Kwa mwanamke hukaribia 30. Watu huifikiria kuwa ni nyenzo ya kubebea mizigo na kuchezea mpira. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Misuli hiyohiyo ndiyo mpokeaji mkubwa wa sukari itokayo kwenye chakula, na kazi yote ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu, ambayo wanabiolojia huiita umetaboli, inaitegemea sana.

Tufanye hesabu ndogo. Katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya, lita 5 hivi, glukosi iliyomo ni gramu 4 au 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Sasa mtu huyo anakaa kula ugali uliosongwa kwa gramu 100 za unga wa sembe, sahani ambayo kwa kijana anayelima ni ya kuanzia tu. Wanga wa ugali huo ukishameng'enywa hutoa zaidi ya gramu 70 za glukosi, na zote zitapita kwenye damu katika saa chache. Zingebaki humo, sukari ingepanda mara kumi na zaidi. Kwa mtu mwenye afya hilo halitokei. Zinakwenda wapi? Ubongo hutumia gramu 5 hivi kwa saa, na hauna pa kuweka akiba ya maana. Ini huweka akiba, iitwayo glikojeni, lakini akiba yake yote ni kama gramu 100, na mara nyingi huwa haikuwa tupu. Misuli inaweza kuhifadhi gramu 400 na zaidi.

Daktari Ralph DeFronzo na wenzake huko Marekani walilipima jambo hili kwa uangalifu. Waliwatia watu insulini kwenye mshipa, wakawa wanaongeza glukosi taratibu ili sukari isishuke, kisha wakafuatilia glukosi hiyo inachukuliwa na nani. Katika hali hiyo misuli ilichukua karibu asilimia 80. Walipopima wenye kisukari aina ya pili, uwezo huo wa misuli ulikuwa umeshuka sana. Kwa hiyo tukisema mtu fulani "ana sukari", mara nyingi tunasema pia, bila kujua, kwamba misuli yake imeacha kupokea.

Kuna tofauti kati ya ini na msuli ambayo naomba muishike. Ini ni kama ghala la familia: hupokea wakati wa mavuno, hutoa wakati wa njaa, na viungo vyote hula humo. Msuli hautoi. Hauna kimeng'enya cha kuirudisha glukosi kwenye damu, kwa hiyo kilichohifadhiwa katika paja kitatumika katika paja hilohilo au kitabaki humo. Dawa haiitoi akiba hiyo ikairudisha kwenye damu, na mkono haukopi kwa mguu. Njia ya kuitumia ni kuufanyisha kazi msuli wenyewe.

Fikirini basi juu ya mtu anayeamka, anapanda bajaji mpaka ofisini, anakaa kwenye kiti hadi saa kumi jioni, anarudi kwa bajaji, anakaa tena mbele ya televisheni. Misuli yake ilijaa jana, na leo haijatumika. Chai na maandazi ya asubuhi, wali wa mchana, soda ya saa tisa, vyote vinafika wakati nafasi ni finyu. Ini linageuza ziada kuwa mafuta. Mengine hubaki ndani ya ini lenyewe, mengine husafirishwa kwa damu kwenda kuhifadhiwa kwenye tumbo, na mengine hujipenyeza hata ndani ya msuli, ambako, kwa mtu asiyeushughulisha mwili, huvuruga ujumbe wa insulini. Kongosho linaongeza insulini ili kushinda ukinzani huo. Hufaulu kwa miaka, pengine kumi, pengine zaidi. Kisha linachoka, na hapo ndipo sukari ya damu inapanda na mgonjwa anafika kliniki. Ugonjwa unaoonekana umeanza mwaka huu huwa na historia ndefu katika mapaja na ini.

Sasa nifike mahali ambapo mimi binafsi huona uzuri mkubwa wa sayansi hii. Glukosi haipenyi yenyewe kuingia ndani ya seli ya msuli. Hubebwa na protini, na iliyo muhimu zaidi kwenye msuli huitwa GLUT4, iliyotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtu akipumzika kabla ya kula, sehemu kubwa ya protini hizo hukaa ndani ya seli bila kazi. Insulini ikigusa uso wa seli, ujumbe hupitishwa ndani hatua kwa hatua, na GLUT4 husogezwa hadi kwenye uso ili ipokee glukosi. Ujumbe huo ndio unaokwama kwa mwenye kisukari aina ya pili.

Lakini insulini haina amri peke yake. Msuli unapojikunja na kujinyoosha, kalsiamu humwagika ndani ya nyuzi zake, nguvu hupungua, na kimeng'enya kinachopima upungufu huo, AMPK, huamka. Ishara hizi nazo huisogeza GLUT4 hadi kwenye uso, kwa njia yake, bila kungoja ujumbe wa insulini. Na njia hii ya pili, ndugu zangu, haijakwama kwa mgonjwa wa kisukari aina ya pili. Akiinuka akatembea kwa kasi, misuli yake inakunywa glukosi kama ya mtu mwingine. Sijui jambo la kumtia moyo mgonjwa kuliko hilo, na ninasikitika kwamba wengi huondoka kliniki wakiwa na vidonge mkononi bila kuambiwa.

Wala si jambo jipya. Robin Lawrence, daktari wa London ambaye mwenyewe alikuwa na kisukari na aliokolewa na insulini mwaka 1923, aliandika mwaka 1926 kwamba insulini hufanya kazi kwa nguvu zaidi mgonjwa akiushughulisha mwili. Alilipima kabla mtu yeyote hajajua GLUT4. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kueleza kwa nini.

Baada ya kazi kumalizika, msuli huendelea kuitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja au mbili hivi, kisha hurudi ulikokuwa. Jaribio la Stockholm la mwaka 1966 linaonyesha jambo hili kwa namna isiyosahaulika. Jonas Bergström na Eric Hultman walikaa pande mbili za baiskeli moja ya mazoezi, kila mmoja akakanyaga pedali kwa mguu mmoja mpaka akachoka kabisa, mguu wa pili ukipumzika. Kisha kwa siku tatu walikula vyakula vya wanga kwa wingi, na kila siku wakatoa vipande vidogo vya msuli kutoka miguu yote miwili kwa sindano maalumu ambayo Bergström ndiye aliyeileta katika utafiti wa aina hii. Mguu uliofanya kazi ulijaza akiba yake tena na kupita, hadi kufikia mara mbili hivi ya mguu uliopumzika. Mtu ni yuleyule, chakula ni kilekile, damu ni ileile, insulini ni ileile. Kilichotofautiana ni kazi peke yake. Mtu akiniuliza ushahidi kwamba mazoezi hubadilisha msuli kutoka ndani, humwambia kwanza habari ya miguu hiyo.

Kutokana na hayo linatoka shauri la vitendo. Vilabu vya jogging vya Jumamosi asubuhi, vinavyojaza barabara za miji yetu kwa nyimbo na fulana za rangi moja, ni jambo jema na ninavipenda. Ila faida ya Jumamosi kwa sukari ya damu inafika Jumatatu imeshafifia. Anayekimbia kilomita 10 Jumamosi na kukaa siku sita anafaidika, lakini anayetembea nusu saa siku moja baada ya nyingine anailinda sukari yake vizuri zaidi.

Msuli unaofanyishwa kazi kwa wiki na miezi hubadilika zaidi ya hapo. John Holloszy wa St. Louis, Marekani, alionyesha mwaka 1967 kwamba panya waliozoezwa kukimbia waliongeza mitokondria katika misuli, zile sehemu ndogo za seli zinazochoma mafuta na glukosi kutoa nguvu. Uwezo wa misuli yao wa kufanya hivyo uliongezeka karibu maradufu. Mishipa midogo ya damu nayo huongezeka. Msuli wenyewe hutoa kemikali zinazosafiri hadi ini, mafuta na viungo vingine, jambo ambalo Bente Klarlund Pedersen na wenzake wa Copenhagen walilifungulia ukurasa mpya kuanzia mwaka 2000. Hilo la mwisho ni somo pana na bado linachimbwa. Sitalipa muda zaidi leo.

Je, haya yote yanazuia ugonjwa kwa watu halisi, nje ya maabara? Mwaka 1986, katika mji wa Da Qing huko China, watafiti waliwapata watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda ila haijafikia kisukari. Waliwagawa makundi manne: moja lilibaki na huduma ya kawaida, jingine lilifundishwa chakula bora, la tatu mazoezi, la nne vyote viwili. Baada ya miaka 6, katika kundi la kwanza karibu watu 68 kati ya kila 100 walikuwa wamepata kisukari. Katika kundi la mazoezi peke yake walikuwa 41. Na kinachonigusa zaidi ni hiki: faida ilikuwa karibu ileile kwa wembamba na kwa wanene. Mtu mwembamba hana kilo za kupunguza. Kilichomkinga ni kitu kingine.

Baadaye Marekani ilifanya utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 3,200, matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Mpango wa chakula bora pamoja na dakika 150 za kutembea kwa wiki ulipunguza visa vya kisukari kwa asilimia 58. Dawa ya metformini ilipunguza kwa asilimia 31. Metformini ni dawa nzuri, na anayeitumia asiiache kwa sababu ya mhadhara huu. Lakini tujiulize kwa nini dawa ina foleni dirishani, na kutembea hakuna anayekuandikia kwenye karatasi.

Turudi kwenye mizani. Kwa nini mazoezi peke yake hupunguza kilo chache hivyo? Jibu moja limetoka hapa kwetu Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Ni watu wasiozidi elfu moja na ushei, na sehemu yao bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuchuma matunda, ubuyu ukiwemo. Herman Pontzer na wenzake walikwenda huko kupima nguvu ambayo mwili wao hutumia kwa siku. Waliwapa maji yenye hidrojeni na oksijeni nzito, wakafuatilia kupitia mkojo jinsi zinavyotoka mwilini, na kutokana na hayo wakakokotoa nguvu iliyotumika. Wanaume walitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2012, yaliwashangaza wenyewe. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe hutumia nguvu kwa siku sawa na mfanyakazi wa ofisini Marekani au Ulaya.

Lilikuwa pigo kwa hesabu zetu za kawaida, zile za kusema ukikimbia hivi utaunguza andazi moja. Maelezo ya Pontzer, ambayo wanasayansi wenzake bado wanayajadili, ni kwamba mwili una bajeti. Ukiongeza matumizi kwenye misuli, baada ya muda hupunguza kwingine: kwenye uvimbe wa ndani usio na sababu, kwenye homoni za msongo, kwenye shughuli zisizo za lazima. Kama ni hivyo, faida ya mazoezi inaweza kuwa imo humohumo katika kubana huko. Anayekaa siku nzima ana nguvu ya ziada, na mwili wake unaitumia katika mambo yanayomdhuru.

Wahadzabe hao hao wana shinikizo la damu la chini hata uzeeni, na maradhi ya moyo kwao ni nadra. Watafiti waliowavalisha vifaa vya kupima mwendo waliona zaidi ya saa 2 kwa siku za kujishughulisha kwa nguvu ya wastani au zaidi. Waliona pia jambo ambalo sikulitegemea: hupumzika karibu saa 10 za mchana, muda usiotofautiana sana na wa watu wa mijini. Ila sehemu ya muda huo huchuchumaa au kupiga magoti, na mtu aliyechuchumaa misuli yake ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kiti chenye mgongo ndicho kinachoizima. Bibi anayekaa kwenye mkeka na kuinuka mara ishirini kwa siku, anayechuchumaa kupepeta mchele, anayetumia choo cha kuchuchumaa, anaitunza misuli yake bila kujua. Tukimnunulia sofa tunamheshimu, na heshima hiyo ina gharama yake.

Wahadzabe ni wachache, na maisha yao si yetu. Safari inayotuhusu wengi ni ya kutoka shamba kwenda mjini, nayo imepimwa. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza waliwafuata watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Waliwapima kabla ya kuondoka, kisha wakawapima mjini kwa mwaka mzima. Kabla ya kuhama karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa wakifanya kazi nzito za mwili. Baada ya miezi 12 ilibaki robo tu. Kwa wanawake ilishuka kutoka zaidi ya theluthi hadi chini ya sita moja. Wanaume kwa wanawake waliongezeka zaidi ya kilo 2. Mwaka mmoja tu. Hawakuwa wavivu, mji uliwapa usafiri, kazi ya kukaa na mafuta ya kukaangia, wakafanya ambavyo yeyote kati yetu angefanya.

Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha vipimo vya vijiji sita vya Tanzania: waliokuwa na kisukari walikuwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya asilimia 9 kwa watu wa miaka 25 hadi 64, na robo ya wote waliopimwa walikuwa na shinikizo la juu la damu. Vipimo vya mara hizo mbili havikufanana kwa umri wala kwa njia, kwa hiyo ongezeko lisisomwe kama hesabu kamili. Chakula nacho kimebadilika, na soda imefika kila kitongoji. Lakini mwelekeo hauna shaka, na kazi ya mwili iliyopotea ni sehemu yake kubwa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi turudi kwenye kinu na mchi. Mwanamke anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani kutoka kisima cha mbali hahitaji mhadhara wa mazoezi, anahitaji bomba. Kazi nzito bila chakula cha kutosha wala mapumziko huumiza shingo na mgongo na huzeesha. Ninachosema ni kwamba tulipoondoa mzigo huo, kama ilivyotupasa, hatukuweka kitu chochote mahali pake.

Na sasa jambo linalonikera kuliko yote, nami nitalisema kwa adabu mbele ya wazee. Mzazi akifika miaka 60 na kitu, watoto wanaomjali wanamwambia: mama, pumzika sasa, umetulea vya kutosha. Shamba anachukua mdogo, msichana wa kazi anachota maji, kijana anatumwa dukani. Mama anakaa barazani. Miaka miwili baadaye hawezi kuinuka bila kushikwa mkono, na watu husema ni uzee. Mara nyingi si uzee peke yake. Huko Dallas mwaka 1966, vijana watano wenye afya, wa miaka 20 hivi, walilazwa kitandani wiki tatu kwa ajili ya utafiti. Miaka 30 baadaye walipimwa tena, watu wazima wenye vitambi. Uwezo wa miili yao kufanya kazi ulikuwa umeshuka zaidi kwa wiki zile tatu za kulala kuliko ulivyoshuka kwa miaka 30 ya kuzeeka. Kama kitanda kilimfanya hivyo kijana wa miaka 20, kinamfanya nini mzee wa 75?

Habari njema ni kwamba njia ya kurudi ipo. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walichukua wazee dhaifu 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawafundisha kunyanyua uzito kwa miguu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8. Mmoja hakumaliza. Waliomaliza waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174. Msuli wa mtu wa miaka 90 unasikia bado unapoambiwa ufanye kazi. Na nguvu hizo za mguu ndizo zinazoamua kama mzee atateleza bafuni na kuvunjika nyonga, au atajishika akasimama.

Kwa hiyo tufanye nini? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, au nusu ya hizo ikiwa ni ya nguvu, na juu yake mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Shughuli ya wastani ni kutembea kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika kwetu. Wengi hutembea, wachache huimarisha misuli, kwa kudhani vyuma ni vya vijana wa jimu. Kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono mara kumi, ukapumzika ukarudia, ni zoezi la nguvu. Kusukuma ukuta ni zoezi, kupanda ngazi ni zoezi, kuinua dumu la maji kwa mgongo ulionyooka ni zoezi. Na kama una nafasi ya jambo moja tu, tembea dakika 15 baada ya chakula cha usiku, wakati glukosi ya mlo inaingia kwenye damu na misuli inaweza kuipokea papo hapo. Kwa sukari ya baada ya chakula, dakika hizo ni za thamani kuliko nyingi za saa nyingine.

Kuna tahadhari ambazo sitaziruka. Anayejidunga insulini au anayemeza glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari ghafla akifanya kazi. Abebe pipi au juisi, na apange dozi na daktari wake. Mwenye kisukari avae viatu vinavyofunika vidole na akague nyayo kila jioni, maana kidonda asichokisikia kinaweza kumpotezea mguu. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni sababu ya kusimama na kwenda hospitali siku hiyohiyo. Na mikanda ya kutoa jasho pamoja na dawa za kukata kitambi zinazouzwa mitandaoni ziacheni. Jasho ni maji na chumvi, na mafuta hayatoki kwa njia hiyo.

Nanyi mlioko halmashauri, nina neno nanyi. Mmemwambia mwananchi atembee, lakini njia ya waenda kwa miguu imeegeshwa magari, taa haziwaki, na mwanamke anayetoka alfajiri anahofia usalama wake. Njia pana ya miguu yenye taa ni huduma ya afya kama ilivyo zahanati, na ingepaswa kuandikwa katika bajeti ya afya. Viwanja vya wazi vya mtaa visigawiwe.

Na ninyi wauguzi na madaktari, mnaowaona wagonjwa hawa kila wiki: mgonjwa akifika baada ya miezi miwili ya kutembea, msimpeleke kwenye mizani kwanza. Mpimeni sukari kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, mpimeni shinikizo la damu, mpimeni kiuno, muulizeni anaweza kuinuka kwenye kiti mara ngapi kwa nusu dakika. Yaandikeni kwenye daftari lake ayaone yakibadilika. Kilo zikipungua ni vyema; zisipopungua, mwambieni aendelee, kwa sababu msuli wake umeshaanza kufanya kazi ambayo dawa haikuiweza peke yake.